Wasomaji Wanauliza: Mdudu Huyu Yuko Hatua Gani?

Barua nyingi za msimu huu zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinazunguka swali moja: dawa nimeweka, mbona wadudu wamerudi? Mara nyingi hawakurudi. Walikuwepo muda wote, ila kwa umbo jingine na mahali ambapo dawa haikufika. Kwa hiyo katika kila jibu tutaanza na hatua ya maisha ya mdudu mwenyewe, ndipo tuje kwenye dawa, mfuko au mtego.

Neno moja kwanza kuhusu lugha. Wapo wanaomwita "buu" yule funza anayekula, na wapo wanaomwita "buu" yule aliyelala ndani ya ganda akijigeuza. Ili tuelewane, hapa anayekula na kukua tutamwita lava (wa kipepeo na nondo ni kiwavi, wa mbu ni kiluwiluwi), na aliyetulia akijigeuza tutamwita pupa.

SWALI: Nilivuna mahindi mwezi wa sita, nikayaanika, nikayapukuchua na kuyafunga kwenye magunia mapya. Hayakuwa na tundu hata moja. Mwezi wa tisa nikakuta unga mwingi chini ya magunia na punje zimetobolewa kama chekeche. Wadudu waliingiaje?
*Mama mkulima, Kibaigwa, Kongwa*

Pole sana, mama. Yawezekana kabisa hawakuingia, ulifunga nao gunia.

Fukusi wa mahindi huanza kazi shambani, wakati magunzi bado yako kwenye mabua yanasubiri kukauka. Jike hutoboa kishimo kwenye punje kwa pua yake, hutaga yai moja humo, kisha huziba kwa ute unaokauka na kushikana rangi na punje. Ishike punje hiyo juani, igeuze unavyotaka, hutaona kitu. Yai huanguliwa humo humo. Lava wake ni mweupe, mnene, hana miguu, amejikunja kama mwezi mchanga. Hula kiini cha punje, huwa pupa katika shimo alilolila, na akishakuwa mdudu kamili hutafuna njia ya kutokea nje. Tundu unaloliona kwenye punje ni la kutokea. Siku unayoliona, maisha ya huyo mdudu yamekwisha kupita hatua zote tatu za mwanzo.

Kwenye joto la nyuzi 27 na hewa yenye unyevu wa kadiri, safari hiyo yote huchukua takriban siku 35. Joto likishuka hadi nyuzi 18 hupita siku 100. Ndiyo maana mahindi ya Juni hukaa kimya wakati wa baridi ya Juni na Julai, halafu joto la Septemba likianza ghala zima linaamka kwa pamoja.

Lakini unga mwingi unaousema haufanani na kazi ya fukusi peke yake. Chota unga huo kiganja kimoja, umwage kwenye sahani nyeupe, uwatazame wadudu wenyewe. Fukusi ana pua ndefu iliyochomoza mbele kama mkonga, na ukimgusa hukunja miguu akajifanya amekufa. Ukiona mdudu wa milimita 3 hadi 4 na nusu, mwili wa mviringo kama kipande cha waya mnene, kichwa hakionekani kwa juu kwa sababu kimeinamia chini ya kifua, na sehemu ya nyuma ni mteremko mkali kana kwamba amekatwa kwa panga, huyo ni dumuzi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Barani Afrika alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wapo waliompa jina la Scania.

Dumuzi hataki kutaga yai moja kwenye punje na kuondoka. Huchimba handaki kutoka punje moja hadi nyingine, huchonga vichumba vya pembeni, hutaga humo na kuyafunika mayai kwa unga. Unga ulioukuta chini ya gunia ni kifusi cha mahandaki hayo. Joto likiwa nyuzi 32 na hewa ikiwa na unyevunyevu, yai huwa mdudu kamili kwa siku 25 hadi 27. Kwenye hewa kavu ya kwetu huchelewa kidogo, ila haachi kuzaliana.

Na hapa ndipo wakulima wengi wa kanda ya kati hujikwaa. Tumezoea kuamini kwamba jua la Dodoma likishayakausha mahindi, kazi imekwisha. Kwa fukusi ni kweli kwa kiasi kikubwa, maana unyevu wa punje ukishuka chini ya asilimia 10 hivi hawezi kuzaa vizuri. Dumuzi anaweza kuzaliana kwenye mahindi yenye unyevu wa asilimia 9. Ukavu unaomshinda mmoja unamwachia nafasi mwingine. Tena dumuzi hutoboa mihogo mikavu na mbao, kwa hiyo fito za kihenge cha mwaka jana zinaweza kuwa ndizo zilizomhifadhi.

Sasa ufanye nini msimu ujao? Zipo njia mbili zinazofaa, uchague moja na kuifanya kikamilifu.

Ya kwanza ni dawa ya unga. Dawa za ghalani zilizozoeleka huwa na viambato viwili, pirimifosi-methili na pemethrini, na viko viwili kwa sababu: cha kwanza kinammaliza fukusi lakini hakimtoshi dumuzi, cha pili kinammaliza dumuzi. Dawa yenye kimoja tu kati ya hivi itakuachia mmoja wao. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90, lakini soma kibandiko cha pakiti uliyonunua na ufuate hicho. Pukuchua kwanza, maana dumuzi hustawi zaidi kwenye magunzi, ambako punje zimeshikana na anapata pa kujiegemeza anapochimba. Pepeta uondoe vumbi na wadudu wa zamani. Tandika turubai kivulini, mwaga gunia moja, nyunyiza dawa juu yote, kisha geuza kwa koleo kutoka upande huu hadi ule na kurudi, si chini ya mara nne. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, nawa kwa sabuni. Kinachoharibu kazi ni haya: dawa kunyunyizwa juu ya gunia lililojaa bila kuchanganywa, pakiti iliyokaa wazi dukani juani, na mahindi mabichi.

Jambo moja lisikutishe. Dawa ya unga haimfikii lava aliyemo ndani ya punje. Baada ya wiki tatu unaweza kuwaona wadudu wachache wakitembea kwa kuyumba na wengi wamekufa. Hao walikuwa ndani siku ulipoweka dawa, wametoboa na kukutana nayo mlangoni. Usiongeze dawa.

Njia ya pili, na ndiyo tunayoipendelea kwa chakula cha familia, ni mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS: mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja. Haihitaji dawa yoyote, na inawafikia wote, wa ndani ya punje na wa nje, kwa sababu wote wanavuta hewa ile ile. Oksijeni ikishuka wanaacha kula, wanaacha kutaga, kisha wanakufa. Jaza hewa kila mfuko wa nailoni kama puto na uukandamize, usikie kama unavuja. Jaza mahindi huku ukiyashindilia, acha nafasi ya kutosha kufunga, kamua hewa iliyobaki, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba ya mpira. Fanya hivyo hivyo kwa mfuko wa pili, kisha kiroba. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na mahindi ya zamani, maana dumuzi aliye nje akipata pa kuegemea anaweza kutoboa nailoni. Usifungue kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Familia nyingi hufungua kila wiki kuchota ya kusaga, na kila ukifungua unawapelekea pumzi mpya. Tenga kiroba kidogo cha kutumia.

Mifuko hii ina sharti moja zito: mahindi yawe makavu kweli, unyevu usizidi asilimia 13. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka punje hadi theluthi moja, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikianguka yote chini, bado ongeza siku moja au mbili za jua, kwa kuwa chupa haiwezi kukutofautishia 15 na 13. Mahindi mabichi kwenye nailoni huota kuvu, na kanda hii inajua sumukuvu ni nini: mwaka 2016 iliua watu.

SWALI: Januari viwavi weusi walitokea kwa ghafla, kwa siku mbili wakamaliza mtama na uwele, wakapita mbaazi na alizeti bila kugusa. Tulipata dawa siku ya nne, tukapiga, kesho yake wote hawapo. Jirani anasema dawa imefanya kazi. Mimi nina shaka. Je, hao ndio wale wale wanaokaa kwenye moyo wa mahindi?
*Mkulima, Mpwapwa*

Shaka yako ina msingi. Chukua jembe, fukua udongo wa sentimita 2 hadi 5 pale walipokuwa wengi. Ukikuta vitu vya kahawia vinavyong'aa, virefu kidogo kuliko punje ya mahindi, vyenye ncha upande mmoja inayojipindapinda ukiigusa, hao ndio viwavi wako. Wamekwisha kula, wamejifukia, wamekuwa pupa, na dawa yenu imeloweka majani matupu. Kama mngekuta mizoga mingi juu ya ardhi, jirani angekuwa amesema kweli.

Hao ni viwavijeshi wa asili, ambao Afrika Mashariki imewajua tangu zamani. Nondo wao husafiri kwa upepo usiku, na mvua kubwa za mwanzo huwaangusha wengi mahali pamoja. Wakishatua, majike hutaga kwa siku chache zile zile, na ndiyo maana watoto wao wote wana umri mmoja na hutokea "ghafla". Ukweli ni kwamba walikuwepo zaidi ya wiki moja kabla hujawaona. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Viwavi wadogo ni wa kijani, wanakaa chini ya majani na kwenye nyasi, kila mmoja mwembamba kama uzi. Hujivua ngozi mara tano. Wakiwa wamebanana wengi, kuanzia kati ya makuzi yao hugeuka weusi kama mahameli na kuanza kutembea kwa makundi, na katika hatua mbili za mwisho ndipo wanapokula sehemu kubwa kabisa ya chakula chao chote. Maisha ya kiwavi ni wiki mbili hadi tatu. Uharibifu unaouona wewe ni wa siku chache za mwisho. Pupa hukaa ardhini siku 7 hadi 10, nondo hutoka, upepo huwabeba, na kizazi kinachofuata kinaweza kuwa mkoa mwingine.

Mbaazi na alizeti vimepona kwa sababu viwavi hawa ni walaji wa jamii ya nyasi: mtama, uwele, mahindi, mpunga, malisho. Mikunde hawaigusi.

Kwa hiyo muda wa kutazama ni siku tano hadi kumi baada ya mvua kubwa ya kwanza kufuata ukame, na mahali pa kutazama ni nyasi za mpakani kabla ya shamba. Kijiji chenye mtego wa harufu ya nondo jike, unaonasa madume, kina nafuu kubwa: madume yakiongezeka mtegoni ghafla usiku mmoja au miwili, mnajua mayai yako njiani na mnayo takriban wiki moja ya kutafuta dawa. Piga viwavi wakiwa wa kijani au wameanza tu kuwa weusi, chini ya sentimita moja na nusu. Wakishafika sentimita 3 na ukiona baadhi wanachimba, funga pampu yako, uweke akiba fedha yako ya dawa kwa ajili ya mbegu ya kupandia upya.

Wa kwenye moyo wa mahindi ni mwingine, viwavijeshi vamizi, waliotoka bara la Amerika na kuthibitishwa nchini mwaka 2017. Mtazame usoni: ana alama nyeupe kama herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga mraba. Nondo jike hutaga mafungu ya mayai 100 hadi 200, akayafunika kwa manyoya ya mwilini mwake, yanaonekana kama kipande cha pamba chafu kwenye jani. Siku 2 hadi 3 yameanguliwa. Wadogo hukwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe visivyotoboka. Wakikua huingia kwenye moyo wa mmea, huko huanza kulana wao kwa wao mpaka abaki mmoja au wawili, na kinyesi chao kama pumba za mbao kinaziba mlango. Dawa haipiti hapo.

Tembea shamba kwa mwendo wa zigizaga, simama sehemu tano, kagua mimea 20 kila sehemu. Mahindi yakiwa machanga, mimea 20 katika 100 yenye vidirisha vipya inatosha kukuambia upige dawa. Yakiwa makubwa, subiri hadi 40. Piga asubuhi mapema au jioni, pua ya pampu ikielekea ndani ya moyo. Mara mbili kwa wiki pita ukiponda mafungu ya mayai kwa vidole. Ni kazi ya bei rahisi kuliko zote na inamaliza viwavi 150 kwa mkupuo. Wenye shamba dogo hutia mchanga au majivu kidogo kwenye moyo wa mmea wenye kiwavi. Mbelewele zikishatoka, kupiga dawa hakulipi.

SWALI: Buibui na kupe ni wadudu? Kaka yangu anasema kupe ana miguu sita, amemhesabu.
*Mwanafunzi wa darasa la sita, Bahi*

Kaka yako amehesabu sawasawa, lakini amempata kupe mchanga. Kiswahili cha kila siku kinaita mdudu hata nge na jongoo. Katika sayansi, insekta ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu na vipapasio viwili kichwani. Buibui, nge na kupe wana miguu minane na hawana vipapasio. Kupe akitoka kwenye yai ana miguu sita. Akishanyonya damu mara ya kwanza na kujivua ngozi, anatokea na minane. Mtafute kupe mkubwa kwenye sikio la ng'ombe, mhesabu upya pamoja na kaka.

SWALI: Tunafundisha hatua za ukuaji wa kipepeo kwa picha. Tulijaribu kufuga viwavi kwenye chupa ili watoto waone wenyewe, wote wakafa. Tulikosea wapi?
*Mwalimu, Chamwino*

Hongera kwa kujaribu, mwalimu. Mtoto aliyeona kipepeo akitoka kwenye ganda haisahau ile mishale ya kwenye mchoro.

Makosa ya kawaida ni mawili. Chupa iliyofunikwa hujaa mvuke, kinyesi kikaota kuvu, viwavi wakaoza. Na kiwavi hupewa majani yoyote. Kiwavi hali majani yoyote; wa mlimao atakufa njaa juu ya rundo la majani ya mchicha.

Anzeni na huyo wa mlimao, maana mlimao, mchungwa na mndimu havikosekani. Tafuteni majani machanga ya ncha. Yai ni la duara, manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini, limekaa peke yake. Kiwavi mdogo ni kahawia na mweupe, anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na hivyo ndivyo anavyojificha. Akijivua ngozi ya mwisho anageuka kijani. Mguseni taratibu nyuma ya kichwa: atachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, zenye harufu kali. Watoto watapiga kelele, na hapo ndipo mtawaeleza kuhusu kujihami.

Chukueni ndoo ya plastiki ya lita 10, tandikeni karatasi chini, funikeni kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa, mkaze kwa mpira. Hilo la dawa ni muhimu: chandarua cha kulalia chenye dawa kitaua viwavi wote kwa usiku mmoja. Tieni tawi kwenye kichupa cha maji na mzibe mdomo kwa pamba, la sivyo viwavi hushuka na kuzama. Viwavi watatu au wanne kwa ndoo wanatosha. Badilisheni majani kila siku, toeni kinyesi, wekeni darasani mbali na jua la dirishani. Msitoe majani kutoka mti uliopigwa dawa. Kiwavi akitulia siku nzima bila kula, msimsukume. Anajiandaa kujivua ngozi, na akibanduliwa kwa nguvu ngozi mpya hupasuka.

Baada ya takriban mwezi mmoja ataacha kula, atatoa kinyesi cha majimaji na kuzungukazunguka. Simamisheni vijiti ndani ya ndoo. Atajifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri, mkia umebandikwa, na mkanda mmoja umepita mgongoni kama fundi wa umeme juu ya nguzo. Ngozi itapasuka na pupa kubaki. Wiki mbili hadi tatu baadaye kipepeo hutoka, mara nyingi asubuhi, mabawa yakiwa madogo yamekunjamana kama karatasi iliyolowa. Lazima apate pa kuning'inia mabawa yakielekea chini, ili asukume majimaji ya mwilini kwenye mishipa ya mabawa yakakunjuka. Akianguka asipate pa kupanda, yatakauka yakiwa yamekunjamana na hataruka kamwe. Matone yatakayodondoka ni taka za mwili zilizobaki tangu alipokuwa pupa, si damu.

Ikitokea pupa ikatoboka na wakatoka nyigu wadogo badala ya kipepeo, msiitupe. Nyigu mama alitaga mayai yake mwilini mwa kiwavi. Viumbe hao hao ndio wanaopunguza viwavi mashambani bila malipo, na dawa ya kupiga ovyo inawaua pamoja na maadui.

Katika ndoo ya pili wekeni panzi wachanga na nyasi. Tunutu hana mabawa, lakini ni panzi wa kueleweka tangu siku ya kwanza. Kila akijivua ngozi vibawa vyake vya mgongoni vinaongezeka. Hapitii pupa. Watoto wakizitazama ndoo mbili sambamba, tofauti ya mageuzi kamili na yasiyo kamili wataieleza wao.

SWALI: Kiangazi hakuna dimbwi hata moja mtaani, lakini mbu wapo, tena wanauma mchana. Wanazaliana wapi?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma mjini*

Kwenye mapipa na matangi yenu ya akiba. Wanaouma mchana, weusi wenye madoa meupe miguuni, ndio wanaoeneza homa ya dengi, na wanapenda maji safi ya majumbani. Jike hubandika mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yakikauka hayafi. Hukaa miezi mingi, na maji yakipanda tena yanaanguliwa. Anayemwaga maji ya pipa na kulijaza tena anayamwagilia mayai. Sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu na sabuni, kisha suuza.

Kwenye joto la huku, yai hufikia kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo usafi huo ufanyike kila wiki, siku ile ile. Ukisubiri wiki mbili, kizazi kimoja kimekwisha kuruka. Wavu mdogo kwenye bomba la simtanki la kutolea maji yanayofurika na mfuniko unaobana vinasaidia kuliko dawa ya kupuliza chumbani. Wale wa usiku wenye kelele masikioni wengi hutoka kwenye mashimo ya vyoo na makaro. Fungeni wavu kwenye bomba la hewa la choo.

Ukiona viluwiluwi, tazama wanavyokaa. Wanaoning'inia kichwa chini na mrija mmoja juu ni hao tuliowataja. Wanaolala sambamba na uso wa maji ni wa mbu wa malaria.

SWALI: Mbung'o anataga wapi mayai, ili tuyachome moto?
*Mfugaji, Manyoni*

Hatagi, ndugu mfugaji. Yai lake huanguliwa ndani ya tumbo, na lava hulelewa humo kwa aina ya maziwa anayotoa mama. Takriban kila siku 9 au 10 jike huzaa lava mmoja tu, mkubwa karibu sawa na yeye. Lava huyo hali chochote. Hujifukia kwenye udongo laini wa kivulini, chini ya kichaka au gogo, na katika saa chache anakuwa pupa mweusi mgumu. Mbung'o hutoka baada ya takriban mwezi mmoja. Kuchoma nyasi hakumfikii aliye chini ya udongo.

Lakini uzazi huo wa polepole ndio udhaifu wake. Jike mmoja hupata watoto 8 hadi 10 kwa maisha yake yote akibahatika. Mkiwaua karibu asilimia 4 ya majike kila siku, idadi yao inaporomoka. Vitambaa vya buluu na nyeusi vilivyochovywa dawa, vikiwekwa kwenye njia za mifugo kuelekea majini, vinafanya kazi hiyo. Na mnapoogesha ng'ombe, anzeni na wakubwa, mkipaka dawa zaidi miguuni na tumboni. Huko ndiko mbung'o wengi wanakotua.